Koreshi Hakuuliza Sala Yao

Kolwezi, tarehe 14 mwezi wa tatu 1993

Mianda mutoto yangu,

Habari ya Lubumbashi? Batoto banakula? Kile kikohozi cha Kapinga kiliisha? Mi niko muzima, ni mugongo tu unauma juu ya kulala chini. Mu nyumba yetu batu bengine balishaingia. Banatufukuza, banasema kwetu ni Kasai, mi mwenye nilizaliwa hapa hapa Kolwezi! Sasa tuko ku gare, kituo cha train, sisi bote ba kanisa, tunangojea train. Haina siku, haina saa. Batoto banazikwa pembeni ya reli.

Musafiri, ule Muislamu wa makamyo, anapeleka bibi yake Rachida kule kwenu. Rachida alikuya kuniona. “Mama Bilonda, panda na sisi. Vaa nguo yangu na kilemba. Ku barrière, kule bijana banafunga njia na kutafuta batu ba Kasai, nitasema we ni mama yangu.” Mama Elise wa kanisa yetu akasikia: “Ee! Asubui shemasi, mangaribi hadja!” Bote bakacheka. Mi sikucheka.

Mwanangu, unafundisha histoire, habari ya zamani. Ule mufalme Koreshi mwenye alifungua Bayuda mu Babeli hakukuwa wa dini yabo. Wakati balikubali musaada yake, balisali mungu yake? Kama balisali, mi nitangojea train. Jibu mbio. Kamyo inatoka siku ya tano, bakimaliza sala yabo ya Ijumaa.

Mama yako,
Bilonda

*

Lubumbashi, 17 mwezi wa tatu

Mama yangu mupendwa,

Pole na mugongo. Hapa tuko bazima, Kapinga alipona.

Koreshi, bengi banasema aliabudu Ahura Mazda, Mungu wa dini ya Zoroasta. Lakini Bayuda hakubalazimisha. Kila taifa aliliachia sala yake, hata akabarudishia bale Bayuda bikombe bya hekalu. Kuko benye banasema ilikuwa akili ya utawala tu, apate amani. Ikuwe upendo, ikuwe akili, Bayuda balifika kwabo na sala yabo. Kilemba ni kitambaa, Mama. Panda!

Mwana wako,
Mianda

*

Lubumbashi, 23 mwezi wa tatu

Mama,

Uko muzima? Makamyo ya siku ya tano yalifika, ya Musafiri hapana. Ninapitisha hii kwa ndugu yake wa Likasi. Yeyote atakayeisoma, aniambie tu kama balimuona.

Mianda

*

Likasi, 25 mwezi wa tatu

Mianda mwanangu,

Pumua kwanza. Mi muzima. Jibu yako ilinifikia, nikapanda. Kamyo ndio ilikufa.

Ku barrière bijana balibakisha Musafiri ku kamyo, sisi banamuke bakatushusha. “Baislamu? Haya, musali tuone.” Rachida akatandika mukeka mu vumbi, akasali bila haraka. Kijana mumoja akanionyesha fimbo: “Na huyu muzee, juu ya nini hasali?” Kama ningefungua kinywa, Tshiluba, luga yetu ya Kasai, ingetoka yenyewe.

Rachida akamaliza, akageuka. “We kijana, hauna haya? Kwetu mwanamuke wa mu siku zake hasali. Unataka akuonyeshe?”

Kijana akaangalia chini. Benzake: “Mbayo, omba basi akuonyeshe!” Bakafungua njia kwa kucheka.

Mi, mwenye bajukuu! Siku zangu! Wakati tulivuka daraja ya mbele, tulicheka mupaka machozi. Rachida hakuniomba kusema hata neno moja ya dini yake. Ule uongo, anasema, atauongea na Mungu yeye mwenyewe.

Hapa Likasi aliniingiza mu chumba: “Sali yako. Mi niko ku mulango.” Nikaimba pole pole. Akapiga mulango: “Mama, Mungu wenu ni kiziwi? Imba!”

Kamyo ingine inatangulia na hii barua, yetu bado banatengeneza. Rachida atalala kwako. Ile sufuria yenye unapikia nguruwe, peleka kwa jirani. Uazime ingine. Hapana, nunua mupya. Na usimwambie ulinunua.

Mama yako,
Bilonda