Kaka, Yule Rubani Amerudi

Mpendwa kaka Gervas,

Hilo "mpendwa" usilifurahie sana. Mama amekaa pembeni yangu, ndiye aliyeniambia niliandike. Ningeachiwa mwenyewe ningeanza na neno jingine kabisa. Barua hii naiacha wazi, izunguke kwenye simu za watu wa Songea popote walipo, maana namba yako haipatikani na sisi hatujui unalala mtaa gani. Anayekufahamu akuonyeshe. Akiona aibu kukuonyesha, akusomee kwa sauti mbele ya wateja wako.

Unakikumbuka kibanda umiza chetu cha kuonyeshea filamu pale Majengo? Mabenchi yaliyochana suruali za watu, madirisha yamezibwa kwa magunia ya mbolea ili mwanga usiingie, na baba amekaa ubavuni mwa ile tivii ya kichogo, kipaza sauti mkononi, anatafsiri. Anatafsiri nini sasa, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu? Alikuwa anawaangalia midomo, anawaangalia macho, halafu anatuambia walichosema, na watu wanaamini. Wazungu wote mle ndani waliongea Kiswahili cha Songea, na wakikasirika wanachanganya Kingoni. Mimi nilipita na sinia la karanga za mama. Wewe ulikaa nyuma ya pazia na debe bovu na rungu, unasubiri mabomu, kwa sababu spika zetu zilikuwa zimechoka. Kuna siku ulisinzia, ndege ya adui ikalipuka kimya kimya, na baba hakutetereka. "Hilo ni bomu la kisasa, wazee," akasema, "halina kelele." Watu walicheka mpaka benchi la mbele likavunjika. Nilikupenda sana siku zile, kaka. Nasema ukweli.

Filamu iliyotulisha ilikuwa ile ya rubani wa ndege za kivita. Jina lake la kwao lilimshinda baba kulitamka, akambatiza Kapteni Nyoni, na Nyoni akawa mtoto wa mtaani kwetu. Mwisho wake unaujua. Ndege inatunguliwa, inatumbukia baharini, wanamtafuta, hawamwoni. Askari wawili wanampelekea mama yake bendera iliyokunjwa, naye anasimama mlangoni anawatazama tu, basi, imekwisha. Mwanzoni baba aliitafsiri vilevile tulivyoiona. "Amekufa, jamani. Na mama mtu ndiyo huyo." Akina mama walitoka wanafuta macho kwa ncha za khanga.

Halafu ukaondoka. Ulipanda lori la tumbaku lililotoka Namtumbo, ukasema unakwenda kutafuta maisha, msimu ukiisha unarudi. Mama alikufungia viazi vya kuchemsha kwenye mfuko. Msimu ukaisha, ukaja mwingine, watu wakavuna, wakapanda tena, hata salamu hukutuma. Hapo ndipo baba alipobadilisha mwisho wa filamu. Hakumwambia mtu. Siku hiyo mama alikuwa ameingia kuchukua sinia, askari wakatokea na bendera yao, na baba akasema kwenye kipaza sauti, "Msilie, wazee. Nyoni hajafa. Ameangukia upande wa Mbamba Bay, Wanyasa wamemwokota, na sasa hivi ninavyoongea na nyinyi anakula samaki mbasa na ugali."

Watu walicheka. Mimi nilimwangalia mama. Alisimama na sinia lake kifuani, na nilimwona anatabasamu.

Tangu siku hiyo hakukosa. Ikiwekwa ile filamu, mwisho ukikaribia anaacha kikaango, anaingia, anasikiliza Nyoni akila mbasa wake, anarudi kukaanga. Ukumbi mzima ukazoea. Baba akisema "Nyoni je?" wanajibu kwa pamoja, "Hajafa!" Walikuwa wanafanya mchezo. Mama hakuwa anafanya mchezo.

Baba alikufa hujaja. Tulikutangaza redioni mpaka mtangazaji akaanza kukuita kwa jina moja tu, kama mtu wa nyumbani kwao. Pale kaburini, udongo wa kwanza wa watoto ulikuwa wako wewe mkubwa kuutupa. Mzee wa jumuiya akauliza, "Kaka mtu yuko wapi?" Nikainama nikaushika mimi.

Baadaye dereva mmoja wa malori akaja kutuambia amekuona Tunduma. Una duka la spea, una mke, una watoto, una kitambi. Huna ugonjwa, hukuwa jela, hujapoteza kumbukumbu. Akatuachia namba. Mama alivaa kitenge kipya, kaka, akajipaka mafuta, akakaa kwenye kiti, kwa ajili ya kupiga simu. Ukapokea. Ukamwambia, "Mama, niko kwenye foleni, nitakupigia." Alikaa na ile simu mapajani mpaka ikazima chaji. Kesho yake namba haipatikani, na haijapatikana mpaka leo. Foleni gani hiyo, Gervas? Inakwenda wapi hiyo foleni? Naikumbuka sauti yako siku ile, sauti ya mtu aliyeshiba.

Sasa sikiliza mambo yalivyo. Nyumba ya Majengo imekwisha. Ukuta wa nyuma umepasuka, mkono wa mtu unapita, na baridi ya hapa unaijua. Kifua cha mama hakiwezi tena. Msimu wa baridi uliopita nilimpeleka hospitali kwa bajaji usiku, hawezi kumaliza hata neno, na daktari akaniambia waziwazi kwamba mzee huyu akiendelea kulala mle ndani tutamzika. Mimi nimejenga Mshangano. Si jumba, ila haivuji, kuna chumba chake, kitanda kimetandikwa. Hataki. Mpaka juzijuzi kila nikimwambia alikuwa anajibu lilelile: "Gervas akija atatukuta wapi? Anaijua nyumba hii tu." Nimebembeleza, nimenuna, nimemleta Paroko amseme. Hataki. Na mimi ndiye ninayemkorogea uji, ninamfulia, ninamsugua mgongo, halafu mtaa mzima unamwita Mama Gervas. Mama Gervas! Jina lako ndilo analoitwa asubuhi na jioni, na ni wewe uliyekuwa unamuua kwa baridi.

Ndipo sehemu ya pili ya filamu ikatufikia. Kipaza sauti ninacho mimi siku hizi, na Kiingereza cha kidato cha nne kinanitosha kusikia wanachosema. Niliandika kwa mkaa kwenye ubao wa nje, na siku hiyo watu walikuja ambao sikuwaona tangu msiba wa baba, wamekuja na watoto wao. Mama akasema na yeye anataka kuona. Nikamkalisha mbele, nikamfunika blanketi.

Wakati ndege zinapaa, mlango wa chumba cha majemadari unafunguliwa, na anaingia nani? Nyoni! Mzima! Kazeeka kidogo, nywele kapaka rangi nyeusi tititi, lakini ni yeye. Kumbe hakufa. Aliokolewa, akabadili jina, akakaa kisiwani miaka yote hiyo kwa sababu, anavyosema mwenyewe, alitaka kupumzika mbali na watu. Basi ukumbi ulilipuka. Oswald fundi baiskeli alipanda juu ya benchi. "Mzee alisema! Mzee alisema!" Wakapiga mabenchi, wakapiga ukuta, wakamwita baba kwa jina lake kama vile yuko nyuma ya pazia. Machozi yalinitoka. Kwa dakika chache nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Songea.

Halafu wakamwonyesha anakwenda kaburini kwa mama yake. Kumbe yule mama wa bendera alikufa akimsubiri. Nyoni anafika na pikipiki, hata injini hazimi. Anaweka maua. Anavaa miwani. Anasema maneno machache, nami nikayatafsiri kama yalivyo: "Najua umenielewa, mama." Anapanda pikipiki, nyuma kakaa mrembo, muziki unapigwa, huyoo!

Kinyaa kilichonishika, kaka, sijui nikieleze vipi. Kama nimekunywa maziwa yaliyochacha. Nikasahau kazi yangu nikasema kwenye kipaza sauti, "Mbwa huyu."

Hapo kibanda kikagawanyika. "Wewe tafsiri, hatukuja kusikiliza mahubiri!" Hao ni wanaume wa benchi la nyuma. Bi Somoe wa vitumbua akawageukia. "Astaghfirullah! Hata dua? Hata magoti chini? Mama kafa na bendera mkononi, yeye anapakia mwanamke!" Oswald naye, ambaye alikula wali wa msiba wa baba mpaka akabeba mwingine, akasema, "Mwanaume akitafuta anatafuta, mama. Ameokoa nchi." Vijana wanataka ndege zirudi. Mwingine anapiga kelele kwamba sehemu ya kwanza ilikuwa na ndege za kweli, hizi za kompyuta. Mwingine anabishana kuhusu rangi ya nywele. Nywele! Nikawaangalia mle ndani, watu niliokua nao, nikawachukia karibu wote.

Mama akasimama. Alihangaika na blanketi, mtu akamsaidia, na waliokuwa wanapiga kelele wakapungua mmoja mmoja, maana wote wanajua yeye ni mama wa nani. Hakututazama sisi. Alikuwa anaitazama tivii, pale nilipokuwa nimesimamisha picha.

"Nani kamwambia kwamba kaelewa?" akauliza.

Akasubiri, kaka, kama mtu anayetaka kujibiwa kweli. Halafu akatoka, polepole, mkono ukutani. Nikataka kumfuata, lakini watu walikuwa wamelipa na vita ilikuwa haijaisha, kwa hiyo nikaimalizia. Nilitafsiri vibaya makusudi. Nyoni aliposhinda vita nikasema ameshinda, bila mbwembwe, na walioshangilia walishangilia peke yao.

Wiki hii yote Majengo hawaongei lingine. Pale kwa Oswald wanaisifu, wanaonyeshana kwa mikono ndege zilivyopinduka, na wananiomba niirudie Jumamosi. Kwa Bi Somoe ukiitaja hupewi kitumbua. Kuna waliosema baba alikuwa nabii, na kuna jamaa mmoja kaniambia kwa meno nje, "Si mnaona? Na Gervas wenu atarudi vilevile." Nilitema mate chini mbele ya miguu yake. Sitaki urudi vilevile! Sitaki pikipiki ikinguruma nje ya makaburi, sitaki miwani yako. Ningekuwa na uwezo ningekwenda kumwambia baba aliyelala kule kwamba alikosea kumwokoa yule mtu, angemwacha na samaki wake, tungemlilia kwa heshima na tungeishi.

Ila si hayo aliyosema mama, na barua hii ni yake kuliko yangu. Nilipofika nyumbani usiku ule nilimkuta amekaa kitandani, anatoa nguo kwenye sanduku, anazikunja na kuzipanga upya.

"Kile kitanda cha Mshangano kipo?" akaniuliza.

"Kipo, mama."

"Basi kesho tafuta kirikuu cha kubebea vyombo tuhamie."

Nilipaswa kunyamaza na kumshukuru Mungu, lakini unanijua mdomo wangu. Nikasema, "Na Gervas?"

Akakunja gauni moja. Akalikunjua, akalikunja tena. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonja chakula akajua kimeharibika, na anatafuta pa kukitemea asiwaudhi wenyeji.

"Mwandikie," akasema. "Mwambie tumehamia Mshangano, aulize kwa Imelda, watu watamwonyesha. Mwambie sijafa, asianzie makaburini. Chakula kitakuwepo. Na mwambie akifika apige hodi, asimame nje mpaka akaribishwe."

Nikadhani nimesikia vibaya. Hata wale wadogo wa jirani huingia kwa mama bila hodi, wanafunua sufuria. Nikamwuliza, "Apige hodi, mama? Gervas?"

"Kama mgeni mwingine yeyote," akasema mama, akafunga sanduku.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,

Imelda