Mapenzi ya Likizo Niliyomsomea Maman Beatrisi

Kamembe, Jumapili baada ya misa

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe na wote mnaolala chini ya paa letu huko Kalemie. Kifua cha Mama kimepata nafuu? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imenilemea, ndiyo maana nakuandikia wewe peke yako. Usimsomee Mama.

Unajua nafanya usafi katika hoteli moja hapa kando ya Ziwa Kivu. Wazungu wanaokuja likizo huacha vitabu vyumbani, riwaya za Kifaransa zenye mwanamume kifua wazi kwenye jalada. Ndani ni yale yale: mwanamke aliyechoka anakwenda likizo, anakutana na mgeni, siku ya tatu wamo kitandani. Mchana, tukipumzika penye kamba za mashuka, niliwasomea wenzangu kwa Kiswahili. Nikifika penye joto nilifunga kitabu kwa makusudi, wakapiga kelele.

Aliyevipenda kuliko wote ni Maman Beatrisi, mfuaji wetu, mjane wa kisiwani Nkombo. Hajui kusoma. Anakaribia miaka hamsini, vidole vimepasuka kwa sabuni, na alikuwa akiishi kwa mama mkwe anayemfokea kama mtoto.

"Rudia pale anamushika mukono," alikuwa akiniomba. Si pale kitandani, Yaya. Mkono.

Siku moja nikamuuliza, "Na mashuka ya hao wapenzi, nani anafua?"

"Usiniharibie," akanijibu. "Mule ndani hakuna muntu anafua. Wiki muzima banaangaliana tu."

Mwezi uliopita alikuja Mbelgiji mmoja, mzee mpole. Asubuhi moja alimsaidia Maman Beatrisi kubeba beseni, akamuuliza jina, na tangu siku hiyo akawa anamsalimu kwa jina lake. Ni hayo tu. Mimi niliyesoma, niliyemjibu kwa Kifaransa chake kila siku, hakuniuliza langu. Iliniuma.

Alipoondoka niliandika barua, nikasema ameniachia nimpe Maman Beatrisi. Nikamsomea mbele ya wenzangu: kwamba mzee anakosa usingizi kwa ajili yake, kwamba Jumamosi atarudi na boti ya mchana kutoka Karongi, amngoje bandarini, aje bila mzigo. Wenzangu waliuma vitenge vyao wasicheke. Yeye aliikunja ile karatasi polepole, akaitia kifuani.

Nilidhani atagutuka kuwa ni mzaha. Wapi! Ijumaa aliweka aproni yake juu ya meza ya meneja, akatoka. Kisiwani aligawa sufuria zake zote kwa mawifi, kisha akamwambia mama mkwe, majirani wakisikia, yote aliyoyameza tangu siku ya kuolewa.

Jumamosi alifika mapema, nywele zimesukwa, kitenge kipya. Sisi tulijipanga kwenye ukuta juu ya bandari, simu mkononi, tukimpiga picha. Boti ikaja. Kila mzungu aliyeshuka, alimnyooshea shingo. Wakaisha. Boti ikapakia wengine, ikaondoka, naye bado amesimama palepale. Mwenzangu mmoja kicheko kikamponyoka, Maman Beatrisi akageuka akatuona. Yaya, sitakudanganya: na mimi nilicheka. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Meneja hakumrudisha kazini. Mama mkwe alimfungia mlango, na mawifi hawakumrudishia hata sufuria moja. Sasa anahifadhiwa na mwanamke mmoja wa kanisa, anaanika sambaza, wale dagaa wa ziwani hapa, kwenye mkeka nyuma ya soko. Juzi nilimfuata kumwomba msamaha. Nikapiga magoti, nikalia. Hakuacha kugeuza samaki wake.

"Nilingoja tangu saa tatu mpaka saa saba," akasema. "Ile masaa yote nilikuwa muntu mwenye banakujia. Weye, ni nani alishakujia?"

Nikafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Toka basi. Unaniziba jua."

Niliondoka pale, na wenzangu mpaka leo wanaangalia zile picha wakila. Wananiomba niwasomee kitabu kingine. Kesho nitawasomea, maana nikikataa watanigeukia mimi.

Nisalimie Mama, umwambie ninakula vizuri. Nisalimie Papa mdogo, fundi wetu wa baiskeli, na batoto bako wote. Na kama kuna muntu yeyote hapo mtaani anayeniulizia, hata mmoja, uniandikie jina lake.

Mdogo wako,
Neema