Aprikoti za Beseni

Jumatatu, 8 Septemba 2003, Isfara

Ukiliokota daftari hili, nakuomba ulifunge. Neno lolote lisitoke humu. Nina miezi saba tu kazini katika ofisi ya takwimu, na karani aliyenitangulia alifungwa kwa takwimu za uongo.

Leo Kaka Ghafforjon, mkuu wetu, kaniita. Ripoti yangu ya mauzo ya nje ina bidhaa kumi na nne — zile zile za mwaka jana. Mji mkuu unataka zaidi ya ishirini! Wafadhili wamechoka na nchi inayouza pamba na matunda ya aprikoti tu. "Umesoma chuo kikuu, Munzifa. Kweli aprikoti kavu ni bidhaa moja?"

Nikaigawa bidhaa hiyo moja. Yenye kokwa, isiyo na kokwa, ya juani, ya kivulini, ya moshi wa salfa... Zikafika tisa, na orodha nzima ishirini na mbili. Nikasaini ripoti mpya.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda banda la kukaushia. Bibi Oyniso, msimamizi wa wanawake wanaochambua matunda, alicheka mpaka akashika kiuno. "Tisa tu? Sisi tuna majina kumi na mawili, binti!"

Kila aina ina beseni lake. Siku nzima wanachambua. Halafu anakuja mnunuzi — yule yule mmoja, wa Urusi — na zote zinamwagwa kwenye gunia moja, bei moja. "Wewe umehesabu mabeseni," akasema. "Kinachovuka mpaka ni gunia."

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeomba ripoti irudishwe. Imeshafika mji mkuu. Tena imesifiwa! Kesho anakuja mtaalamu wa wafadhili kuziona hizo aina.

Kaka Ghafforjon, bila kuniangalia: yeye hakusaini kitu. Kweli. Chini kuna jina moja. Langu.

Ijumaa, 12 Septemba, saa tano asubuhi

Niko bandani, nyuma ya magunia. Mgeni ni mama mpole. Anaonyeshwa mabeseni tisa, yale ya ripoti yangu tu, anaandika, anafurahi.

Lori la mnunuzi limewahi! Linarudi nyuma hadi mlangoni. Wanawake wameinuka, kila mmoja na beseni lake, kama siku zote. Kaka Ghafforjon anawapungia mkono: ngojeni, ngojeni! Bibi Oyniso hamtazami. Ananitazama mimi.

Nimechoka. Nimemwitikia kwa kichwa — wamwage. Aina zote tisa zinaingia gunia moja, mbele ya macho ya mgeni.

Ripoti ya kwanza, ile ya bidhaa kumi na nne, nimeishona ndani ya koti, iwe ushahidi wangu. Nisipoonekana Jumatatu, usipige simu ofisini. Njoo hapa bandani, mtafute Bibi Oyniso. Mwambie unataka aprikoti za gunia, si za beseni. Atakuleta nilipojificha.