Mbwa Aliyebeba Maneno Yetu

Baba Neema,

Tangi la maji nimeliweka juu ya jiwe, pale pale ulipotaka. Maji yanashuka vizuri mpaka jikoni. Inaniudhi sana.

Naanza na hilo usije ukadhani nimelainika. Tangu tukuzike, kila mtu anakusifu kwa upole. Mchungaji alisema kaburini kwamba hukuwahi kumpandishia mkeo sauti, na wanaume wakatikisa vichwa kana kwamba anasimulia habari za mtakatifu. Nilitaka kubisha pale pale, Neema akanishika mkono. Kweli, hukupandisha sauti. Uliizima. Mimi nikigombana natupa maneno. Mtu anayaona, anaweza kuyaokota akanirushia. Wewe ulinyamaza mpaka nyumba ikakosa hewa, halafu unaitwa mpole! Niliandika hivyo katika safu yangu gazetini, kwamba wanaume wa kwetu wanatawala nyumba kwa kununa, na mafundi wenzako wa injini za mitumbwi wakalisoma kwa sauti karakanani huku wakikucheka. Hukunijibu neno. Wiki ile ile ukarudi na mtoto wa mbwa ndani ya ndoo, ukamwita Hasikii.

Buswelu nzima ilielewa. Huku kwetu mtu akimpa mbwa jina la namna hiyo, majirani huuliza amegombana na nani. Jioni ulisimama kwenye ngazi: "Hasikii! Hasikii, njoo ule!" Mimi nipo dirishani naandika, na Mama Kulwa upande wa pili wa ua anacheka huku ameshika mbavu.

Baadaye tukamfanya tarishi. "Hasikii, mwambie mama yako shati langu halina kifungo." "Hasikii, mwambie baba yako sindano iko pale alipoiacha." Mama Kulwa aliniuliza siku moja, "Mama Neema, huyo ni mbwa au mshenga?" Nilicheka. Wewe pia ulicheka, nilikuona, ukageuzia uso ukutani. Ugomvi wetu mwingi uliishia hapo, mmoja akishindwa kujizuia. Ilikuwa tamu, sibishi. Ndiyo maana tuliizoea.

Jumapili ile tulikuwa tumenuniana kwa sababu ya tangi. Mimi nilitaka lijengewe mnara, wewe ukasema Mungu ameshatupatia jiwe. Baada ya chakula ulikaa kwenye kiti chako barazani, mimi nipo ndani nakunja nguo. Ukasema, "Hasikii, mwambie mama yako kifua kinanibana."

Nikasema, "Hasikii, mwambie baba yako dawa ya kiungulia iko kabatini."

Mbwa alisimama mlangoni. Akakutazama wewe, akanitazama mimi. Nikaendelea kukunja. Nilikunja shuka. Nilikunja lile shati lako la kifungo. Nilipotoka...

Daktari alisema ni moyo. Watu wakaniuliza kama hukulalamika, nikajibu hukuniambia chochote. Wala sikudanganya, na hilo ndilo linalonitesa. Hukuniambia. Ulimwambia mbwa.

Kila siku nabishana nawe juu ya hilo. Kwa nini hukuniita? Ungesema "Mama Neema" tu, ningetupa zile nguo. Sikubali kulibeba peke yangu. Utaratibu ule tuliutunga wawili. Nakupa hoja zangu zote, nangoja, na wewe unafanya kile kile ulichofanya siku zote.

Saa uliyokuwa ukirudi kazini, mbwa anakwenda getini. Anatikisa mkia, kisha anasogea pembeni, kama anayempisha mtu. Halafu anakuja kusimama mlangoni, ananitazama vile vile. Ujumbe wako bado anao. Nikitaka ale lazima nimwite kwa jina lake, na ninapolipaza naisikia sauti yako ikitoka kinywani mwangu.

Neema amepata kazi Magu. Alikuja kuniaga, akataka nifunge nyumba niende nikaishi naye. Nilimpa sababu zangu za kukataa, unajua sababu zangu zilivyo, nyingi na zote kwa sauti. Akanyamaza. Huo mdomo alivyoufunga, Baba Neema! Nilidhani ni wewe umerudi umevaa gauni.

Leo asubuhi alikuwa uani anafunga begi, mimi naosha vyombo. Akamshika mbwa kichwa. "Hasikii, mwambie mama naondoka na basi la saa nne. Mwambie nyumba hii inanitisha, na yeye akiwa peke yake ndani yake ananitisha zaidi."

Jibu nilikuwa nalo. Kali. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtume mbwa. Mbwa akamtazama Neema, akanitazama mimi.

Nikaacha vyombo. Nikamshika mtoto uso kwa mikono yenye povu, nikamwambia, "Niambie mimi. Mimi mwenyewe." Kisha nikamwambia habari ya kifua. Kifua, kiungulia, nguo, yote, tumesimama pale pale karibu na begi. Alinipiga ngumi begani. Akaniuliza, "Mama, mbona hukutoka?"

Nikasema, "Sijui."

Neno hilo hujawahi kulisikia kwangu katika maisha yetu yote. Basi lilimwacha. Tulikaa kwenye ngazi tukilia kama watoto, mbwa amelala katikati yetu. Kesho atakwenda. Kuhama sijakubali, na ameniambia usoni kwamba mimi ni mkaidi. Nimemjibu usoni. Jioni tutaendelea.

Lala salama, mbishi wangu wa kimya. Mbwa atabaki na jina lake, amezeeka, hataitikia jingine. Lakini nakuahidi hatabeba tena neno la mtu katika nyumba hii. Na wewe, kama bado una la kusema, usimtume. Niite mimi.

Nitatoka.

Mama Neema