Sauti Iliyokuwa Kwenye Kadi

Binti yangu mpendwa,

Pokea salamu za mzazi wako. Natumai u mzima, wewe na mumeo, na kwamba kikohozi cha mjukuu wangu mdogo kimetulia. Sisi tunajikongoja. Miguu ya mama yako ina nguvu. Macho ndiyo hayajarudi; bado haoni.

Unaikumbuka ile kompyuta ndogo, isiyozidi kiganja, ambayo marehemu kaka yako aliiweka kwenye rafu ya jikoni ili imkumbushe mama yenu dawa. Aliitilia sauti yake mwenyewe. Tangu tumzike, mama yako amekuwa akiijibu. Ikisema, "Mama, dawa ya asubuhi," naye husema, "Haya baba, nimesikia."

Hivi karibuni iliandika kwenye skrini kwamba programu zake zimepitwa na wakati. Unanijua: sivumilii kitu kilichopitwa na wakati ndani ya nyumba yangu. Niliiamuru isasishe kila kitu. Ilipowaka tena, ilikuwa bubu. Programu ya kaka yako ilidai toleo la zamani la kifurushi fulani, yaani kijiprogramu inachokitegemea. Nilipolirudisha, programu nyingine ikagoma, ikidai lile jipya.

Nilimwita Fundi Waya, yule mtengeneza kompyuta wa karibu na kituo cha basi. Alicheka, akasema programu ni kama wageni wa harusi: ukimwalika mmoja, haji bila shangazi yake, na shangazi naye hakubali kuketi karibu na wifi yake. Akashauri tuifute yote ile kadi ya kumbukumbu iliyomo ndani yake tuanze upya, kwani vifurushi vyote hupatikana mtandaoni. Aliniuliza kama kuna kitu cha kutunza kwanza. Nilimjibu kwa ukali kwamba mwanangu alikuwa mtu wa mpangilio; kila alichokifanya alikiwekea nakala. Tukaifuta.

Vifurushi vilipatana kimoja baada ya kingine, nami nikaanza kujisifu. Kikabaki kimoja, na kila tulipokiomba, jibu lilikuwa kwamba hakipatikani. Fundi alilisoma jina lake mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole kama ni jina la hapa nyumbani. Liliandikwa "mama-kidoti", jina ambalo kaka yako alimtania nalo mama yenu tangu utotoni.

Hakuna mwingine duniani aliyekitengeneza kifurushi hicho, mwanangu. Ndani yake ndimo zilimokuwa sauti zake, nacho kilikuwa kwenye kadi ile peke yake. Nimeifuta sauti ya kaka yako kwa mkono wangu.

Mama yako hajui. Nilimwambia kompyuta iko kwa fundi. Leo asubuhi amemeza dawa zake, akaigeukia rafu tupu na kusema, "Nimeshakunywa, baba, usihangaike." Nilikuwa mlangoni; nikarudi nyuma taratibu, nikaketi kukuandikia barua hii.

Tafuta katika simu yako. Ukipata neno lake lolote lililorekodiwa, hata la kukutania, nitumie. Usipopata, njoo. Siwezi kumwambia peke yangu.

Nisalimie mumeo na watoto. Mama yako anakusalimu sana, bila kujua ninayokuandikia.

Ni mimi,
Baba yako