Visanduku vya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kumi na tisa. Mama mkwe alikuja kwa siku tano — kupimwa macho, kuchukua miwani, kurudi kwake. Macho yamepimwa. Miwani imechukuliwa. Kurudi ndiko kulikogoma!

Kosa ni la miwani. Siku alipoivaa tu akachukua gazeti letu, akafungua ukurasa wa chemshabongo, na hapo ndipo nilipopoteza chumba changu cha kushonea. Marehemu baba mkwe, seremala, alikuwa akijaza fumbo la maneno kila alipopata gazeti. Mama akimpa jibu, mzee husema amebahatisha. Miaka thelathini na nane ya kubahatisha! Sasa kaapa: haondoki humu ndani mpaka ajaze fumbo moja zima, yeye mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Na kwake gazeti hufika likiwa limefungia sabuni, tena nusu ukurasa. Kwa hiyo ni hapa. Kwetu. Kwenye kiti changu.

Mume wangu anasema nimwache mama, bado ana majonzi. Yeye ni mwalimu wa hesabu. Basi na ahesabu! Cherehani yangu iko uvunguni mwa kitanda na kila asubuhi najigonga kidole kilekile.

Jumanne, 4 Juni

Visanduku kumi na vinne vimebaki wazi leo. Namba tatu kwenda kulia: ndege mkubwa asiyeruka, herufi tano. Mama kaandika KUKU. Kisanduku cha tano kikabaki kitupu, akakipaka wino kiwe cheusi kama vile vyeusi vya fumbo lenyewe. Hivi hivi, mbele ya macho yangu!

Nikasema kwa upole, labda ni mbuni. Lo! Akaziba masikio yote mawili. Nimemwambia, kwa hiyo fumbo limeharibika, halihesabiki tena. Akalikunja, akaliweka chini ya mguu wa meza unaoyumba.

Siku ya ishirini. Nimejiongezea mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Alhamisi, 6 Juni

Penye nia pana njia. Pale kliniki ya meno ninapofanya kazi ya mapokezi wanapokea gazeti lilelile. Nikijua majibu asubuhi, jioni siwezi kumwambia mama — lakini nani kanikataza kuongea? Neno likipita mezani, akalidaka mwenyewe, hajaambiwa na mtu.

Nusu ya fumbo nimeiweza. Nusu nyingine nimewagawia wagonjwa. Anayesubiri kung'olewa jino yuko tayari kufikiria kitu chochote kile isipokuwa jino. Bibi mmoja mwenye shavu kama andazi kanipa mhunzi na kimondo kwa mpigo. Iliyotusumbua ni namba saba kwenda chini, mnyama mwenye miiba, herufi kumi. Mzee mmoja kwenye foleni alikuwa analijua, ila alikuwa ametoka kuchomwa ganzi, ulimi haumtii. Akasimama, akainama, akasimamisha vidole vyote mgongoni, akawa anatikisika. Wenzake wakadhani sindano imempanda kichwani. Wawili wakaondoka bila kutibiwa.

Jioni nikaanza kazi. Kwanza mhunzi: nikasema bawaba ya geti imekatika, tutafute mhunzi. Mume wangu akasema mhunzi wa nini zama hizi, si fundi wa kuchomelea? Lakini mama alishaandika. Kimondo: nikachungulia dirishani, nikasema tuombe Mungu kisituangukie. Jua lilikuwa bado linawaka. Ikabaki ya miiba. Nikatafuta njia, nikakosa, nikamgeukia mume wangu — nywele zako leo zimesimama kama za nungunungu!

Mume wangu ana upara.

Mama akautazama upara. Akanitazama mimi. Akashika kalamu, akaandika. Herufi kumi, kila moja mahali pake! Nilitaka kupiga kigelegele. Visanduku vilivyobaki: sita.

Jumamosi, 8 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi mama kanikuta naingia bafuni kwa kusukuma mlango na bega. Mlango ule unakwaruza sakafu tangu tuhamie. Mume wangu ameahidi kuushughulikia kwa miaka minne, ahadi yenyewe imeshaota mvi. Mama akaupapasa ukingo wake. Akavaa viatu, akaenda kwa seremala wa nyumba ya tatu, akarudi na randa kwapani. Kwa mikono yake akaung'oa mlango, tukaulaza juu ya viti viwili, akaanza kupiga randa. Maranda yakawa yanatoka membamba, yamejikunja, yananukia. Mimi nimesimama kama mgeni kwangu.

Kisha akaniita nishike. Nikashika vibaya. Usisukume kwa kiganja, kasema, sukuma kwa kiuno, mbao haitaki ugomvi. Akaweka mkono wake juu ya wangu. Tukaenda pamoja, mbele, mbele, mpaka ikakubali.

Sasa mlango unafungwa kwa kidole kimoja! Nimeufunga na kuufungua mara nane.

Akaniambia randa ya marehemu ilikuwa kama ile ile, na aliyeinoa miaka yote ni yeye. Hapo mzee hakuwahi kusema amebahatisha, kasema, akacheka, halafu akaanza kuyaokota maranda moja moja. Nilimwonea huruma. Kisha nikaikasirikia huruma yenyewe, maana cherehani bado iko uvunguni.

Fumbo la leo hata hatukuligusa.

Jumatatu, 10 Juni

Daktari kanifuma namhoji mgonjwa kuhusu mito mikubwa huku simu inaita. Kanigombeza mbele ya watu: hapa ni kliniki au darasani? Nikaomba radhi. Akaondoka, akarudi, akainama kwenye meza yangu. Namba tisa umepata nini?

Jioni visanduku vitatu tu vilibaki. Tunakaribia.

Jumatano, 12 Juni

Nimerudi nikakuta chai mezani na kiti changu kitupu. Mama kahamia kwenye kigoda. Kaa kwenye kiti chako, kasema, umesimama kutwa.

Nikaanza kuzungusha maneno yangu. Mama, bila kuinua macho: "Mwanangu alikuwa na upara siku ya harusi yenu. Nilikuwepo."

Nikahisi masikio yanawaka moto. Nikamuuliza kama basi yote yameharibika. Akafikiri. Akasema kudokezwa si kuambiwa, ila nijitahidi kidogo, ile ya kimondo ilikuwa aibu. Tukacheka mpaka mume wangu akatoka chumbani kuuliza nani kaumia.

Kikabaki kisanduku kimoja. Kimoja! Tulikipigania hadi chai ikapoa.

Halafu mume wangu akaleta habari. Shemeji yangu, mdogo wake, anapita na lori Ijumaa jioni, anaelekea kwao, mbele kuna nafasi ya mtu mmoja. Mama akasema fumbo likiisha ataenda, lisipoisha haendi, ameshaapa. Mume wangu akanikonyeza. Eti nimefurahi.

Nimefurahi. Nitapata chumba changu. Nitashona. Nimeosha vikombe, nikaviosha tena vikiwa safi.

Ijumaa, 14 Juni

Haraka haraka. Niko bafuni, nimeketi juu ya beseni la kufulia nililolipindua, mlango nimeufunga kwa kidole kimoja.

Fumbo la leo ni jepesi! Siku zote hizi, wakachagua leo! Pale kliniki liliisha kabla ya jino la kwanza. Nikaja nyumbani nimefunga mdomo. Sikudokeza hata neno moja. Nilizungumzia hali ya hewa tu, tena kwa uangalifu. Haikusaidia kitu. Mama anajaza kama anayemimina maji. Kulia, chini, kulia. Mume wangu naye kapata bidii ya ghafla: kashapanga sanduku la mama, kaliweka mlangoni, tena kanikumbatia.

Likabaki neno moja. Namba kumi na saba kwenda chini: kifaa cha seremala cha kulainishia mbao, herufi tano. R ipo. N ipo. D ipo.

Mama akalitazama. Akavua miwani, akaipangusa na upindo wa nguo, akaivaa. Akatafuna kifuniko cha kalamu. Mjane wa seremala!

"Hili limenishinda, mwanangu," kasema. "Wewe unalijua?"

Yeye aliyeziba masikio kwa sababu ya mbuni! Na siku zote hizi nilikuwa "mke wa mwanangu", kama jina la cheo. Leo mwanangu. Nikamtazama. Hakunikwepa. Moyo wangu ukaenda mbio kama wa mwizi.

"Sijui, mama," nikasema. "Sijawahi hata kukisikia."

Mume wangu akainama begani kwetu. Eti si ni ra— Nikamkanyaga mguu. Kwa kisigino. Akapiga yowe, nikamwambia pole, nikamtuma akatazame kama geti limefungwa, nikakimbilia huku kabla hajarudi na maswali.

Sitaki aende. Nimeliandika, basi. Cherehani nitaiweka jikoni.

Shemeji yuko nje na lori. Kapiga honi mara moja. Mara ya pili. Mume wangu karudi, anachechemea, namsikia sebuleni anauliza ni nini kinachoendelea humu ndani, watu wanasubiri, neno lenyewe hata mtoto wa chekechea analijua.

Honi ya tatu, ndefu.

Na mama, kwa sauti ya kunifikia huku nilipo: "Mwambie azime gari kwanza. Bado tunafikiri."