Mkono wa Bibi Unakungoja

Vaipoa,
Niuatoputapu, Tonga.
Jumanne, 9 Julai 1996

Mpendwa Shangazi Lesieli,

Sasa hivi, kabla sijaandika hata jina lako, Pisila wangu amemkaba mtoto wa nguruwe hapa mlangoni na kumkamulia majani mdomoni. Ameyaponda mwenyewe kwa jiwe, akayafunga kwenye kipande cha kilifu cha mnazi kama afanyavyo Bibi, na huku anamkaripia, “Meza! Usiteme! Nani kakufundisha kutema?” Nguruwe ametoroka na kilifu chake, na yeye ndiyo huyo analia kwamba mgonjwa amekimbia na dawa. Ana miaka mitatu tu, Shangazi. Nimecheka mpaka kalamu imenidondoka. Halafu nikakumbuka kilichonikalisha hapa kuandika, na kicheko kikanikauka.

Nakusalimu kwa heshima zote, mimi mtoto wa kaka yako. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje na kazi ya kusimama? Mumeo Penisimani hajambo? Alisi na Kefu wanasoma vizuri? Tunasikia baridi ya Auckland mwezi huu inauma mpaka kwenye meno. Kila asubuhi Bibi akiguswa na upepo kidogo husema, “Mwanangu huko anatetemeka.”

Sisi hatujambo kwa jumla. Mume wangu Maka ni mzima na magimbi yamekubali mwaka huu. Paa la jikoni tulilirudisha baada ya ile dhoruba ya Machi. Mablanketi uliyotuma yalifika yote, lakini Bibi hataki kujifunika. Ameyakunja chini ya mikeka, anasema utayakuta siku utakayokuja, usilale na baridi. Nikimwambia wewe ndiye uliyeyatuma, ananitazama kama mjinga.

Naandika haraka na utanisamehe mwandiko. Meli iko gatini Falehau inashusha unga na mafuta ya taa, na itaondoka leo alasiri. Maka amekwisha mtandika farasi, anasubiri bahasha. Anapita hapa dirishani kila mara na kusema, “Unaandika barua au Biblia?”

Shangazi, najua mtoto wa kaka hamwombi shangazi yake. Wewe ndiye wa kuchukua kwetu, sisi ni wa kutoa. Ukitaka mkeka huu ninaoukalia, ni wako. Ndiyo maana kwenye simu sijasema kitu. Sauti yako ikinifikia nakuwa mtoto mdogo, nasema “ndiyo Shangazi,” wewe unasema “nitakuja Krismasi,” tunacheka, simu inakatika. Krismasi nne zimepita hivyo. Leo nakuomba.

Ni habari ya Bibi na majani.

Unakumbuka alivyokuwa akijua kila jani kwa pua. Ukimletea jani amefumba macho, atalisugua kidoleni, atalinusa na kukutajia jina lake, mahali lilipochumwa, na kama limechumwa kabla au baada ya jua kupanda. Hii ni kihikihi, ya vidonda vya mdomo wa mtoto. Hii ni tono, uliichuma karibu na choo, kaitupe. Mimi alinitania tangu nilipoacha shule kidato cha tatu nikaja kuwa miguu yake: “Pua yako wewe inajua mkate tu.” Lakini nimemchumia miaka minane sasa, na hata pua ya mkate hujifunza.

Sasa ile pua imekufa, Shangazi. Macho yalitangulia, hilo tulilizoea. Pua hatukuijua mpaka siku ya Feleti.

Feleti ni mtoto wa Ane, jirani yetu wa nyumba ya pili. Mwezi uliopita Ane alimleta macho mekundu, kope zimegandana kwa tongo. Nesi alikuwa amesafiri. Dawa ya macho unaijua, ni majani ya mtondoo, feta'u wetu wa nyuma ya kanisa. Nikainuka niende. Bibi akasema, “Kaa na mtoto wako. Mtondoo nimeuchuma kabla baba yako hajazaliwa.” Akaenda na fimbo yake, akachukua muda mrefu, akarudi na majani kwenye upindo wa sketi yake, amefurahi kama msichana.

Nikashika jiwe la kupondea. Jani la kwanza halikuwa na ile mistari myembamba iliyopangana kama ukindu wa mkeka. Nikalichana kidogo, likatoa maziwa. Shangazi, yalikuwa ya feta'anu, ule mti wa ufukweni ambao wavulana hukatazwa hata kuukata kuni, kwa sababu utomvu wake hupofusha. Bibi alikuwa ameyanusa njia nzima, na pua haikumwambia kitu.

Na Ane alikuwa amekwisha mlaza mtoto mapajani, kichwa nyuma, anamshika mikono. Bibi anasema, “Haya, ponda, mbona umelala?”

Ningesema nini? Kwamba mkono wake umekosea, mbele ya mgeni, yeye ambaye nusu ya kisiwa hiki imepita mikononi mwake? Nikainuka na majani, nikajikwaa makusudi, yakamwagika yote kwenye majivu. Bibi akanitukana. “Una miguu miwili mizima na bado unaanguka! Mimi nina mmoja na fimbo!” Nikakimbia hadi nyuma ya kanisa, nikaleta mtondoo. Nikaponda mimi, akakamua yeye. Siku ya tatu Feleti akafumbua macho, na Bibi akajisifu kanisani.

Ane siku ile alimbeba mtoto wake akaenda zake. Baadaye alinikuta kisimani, akaniambia, “Tokilupe, nilikuona. Hukujikwaa wewe.”

Nikaendelea kuteka maji.

“Basi fanya wewe. Majani unayajua.”

Nikamwambia, “Sina mkono. Sijanawishwa.”

“Mkono uko wapi?”

“Auckland.”

Akajitwika maji yake, akasema, “Haya. Tuuambie ugonjwa nao usubiri ndege.”

Maneno hayo yamenikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Hakukosea. Wewe na mimi tunajua kwamba bila kunawishwa mkono, dawa ni majani tu, chakula cha mbuzi. Mama yake Bibi alimnawisha Bibi, na Bibi alikuahidi wewe, binti yake wa kwanza, ukiwa na miaka kumi na sita. Ulikuwa umekwisha fundishwa nusu ulipoondoka. Hakuna anayebisha kwamba ni wako. Mimi siulilii mkono wako. Nalia kwa sababu siku nyingine mama atamleta mtoto wakati mimi niko shamba, na hatakuwepo mtu wa kujikwaa.

Sasa lile lililoninyima usingizi ni hili. Tangu Pasaka Bibi ananiita Lesieli.

Mwanzoni ilikuwa mara mojamoja, tukacheka. Sasa ni kila siku. Ananiuliza kama viatu vya kazini vimekauka. Juzi alinisifu kwa mablanketi. Namwambia, “Bibi, mimi Tokilupe,” anasema, “Najua, najua,” halafu anasema, “Lesieli, nipe maji.”

Jumapili moja mwezi uliopita, tulipotoka kanisani, akaniambia, “Lesieli, lete bakuli. Nikunawishe leo, nimechoka kuubeba.” Ni lile bakuli la mbao la mama yake, lenye ufa pembeni. Nikadanganya, nikasema nimelitia kunde. Nani hutia kunde bakuli lile! Zamani angenipiga kwa fimbo. Safari hii alisema tu, “Haya, kesho.”

Alhamisi iliyopita hakuniuliza. Nilitoka kufua nikamkuta amekaa mkekani, bakuli mbele yake, maji ndani, majani ya uhi yakielea. Amevaa mkeka wake mzuri wa kujifunga kiunoni siku za heshima. Akanishika vifundo vya mikono yote miwili, na nguvu bado anazo, akaanza maneno yale. Unayajua, mimi siyaandiki. Nikavuta mikono yangu kama mwizi aliyekamatwa. Maji yakamwagika. Akabaki ananyoosha vidole hewani na kusema, “Hata wewe, Lesieli, hunitaki?”

Nilitoka nje nikalia nyuma ya banda la nguruwe. Ningeupokea, ningekuibia wewe, na ningemwibia mama mzee asiyeniona. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mkono wa kuiba huozesha jani. Angeniita hata siku moja kwa jina langu, akijua ni mimi, pengine ningejua la kufanya. Lakini kupokea kwa jina lako, siwezi. Na kumkataa mara ya tatu, Shangazi, nako siwezi. Amedhoofika. Anakula vijiko viwili vya shelisheli, anasukuma sahani.

Kuna na jingine la kuungama. Bibi alikataza tusiandike majina ya majani. “Jani la kwenye karatasi halina harufu,” alisema. Mimi nimeandika. Nina daftari la shule ya Jumapili, nimeyaandika yote ninayoyajua, jina na kazi yake na sehemu inayochumwa, gome au jani au mzizi, na pembeni nimechora kadiri nilivyoweza. Mchoro wangu wa lautolu unafanana na masikio ya punda. Nalificha chini ya godoro la Pisila. Maka pekee ndiye anayejua, na ananitania kwamba nafuga uchawi kitandani mwa mtoto. Niliogopa majina yasije yakaondoka na Bibi jioni moja, tukabaki na vichaka tusivyojua kuviita. Mwaka jana Pisila alipokuwa na homa ya kujikunja, Bibi alitaja jani moja tu, nikalikimbilia gizani nikalipata kwa sababu nilikuwa nalijua kwa jina. Watoto wa Pisila watakimbilia nini? Kama nimekosa, nikaripie. Nitalichoma ukisema nilichome. Lakini tafadhali usiseme.

Ninaomba hivi. Njoo. Njoo kwa ndege, usingoje Krismasi. Utakaa mkekani, atakushika mikono yako mwenyewe, atalala vizuri, na mimi nitabaki miguu yako kama nilivyokuwa yake. Nitafurahi, Mungu ananiona, nitafurahi kweli.

Na kama kazi haikuruhusu, au mgongo, basi nipe neno lako. Ijumaa ya tarehe ishirini na sita nitakwenda na Bibi posta ya Hihifo, nitakaa karibu na simu tangu asubuhi. Neno moja linanitosha. Ukisema “pokea,” nitamweka Bibi simuni akusikie kwanza, ajue ni wewe uliyetoa. Ukisema “ngoja,” nitangoja. Usinambie tu “tutaona.” Tafadhali Shangazi, lolote lakini si hilo.

Baba hawezi kukuandikia haya, nyinyi ni kaka na dada mna heshima yenu ya kutoambiana mambo kama haya. Jina lako likitajwa na Bibi katika mambo haya, anainuka anakwenda kutazama mashua hata kama mashua haina kitu. Lakini usidhani hajali. Jana nilikuta bahasha na stempu juu ya mkeka wangu. Sikumwomba, wala hakusema kitu. Nilimwona kwa mbali anakwaruza mashua ile ile aliyoikwaruza juzi.

Maka amepita tena dirishani. Anasema meli imekwisha piga honi ya kwanza. Nami nafunga.

Nisalimie mumeo Penisimani. Alisi mwambie ule mkeka wake wa harusi naendelea kuusuka, nimefika katikati. Kefu mpe busu, hata kama amekua hataki. Wasalimie na watu wetu wote wa kanisa la huko waliotoka Vaipoa, na mwambie mama yake Ane kwamba macho ya Feleti ni mazima, anaona hadi visivyomhusu. Baba anakusalimu kwa kimya chake. Pisila anakusalimu, na mgonjwa wake amerudi.

Mungu wa safari na wa kurudi akushike mkono, asiuachie, mpaka ushuke uwanjani hapa ukanyage mchanga wako.

Ni mimi mwanao nikupendaye kwa hofu na kwa moyo wote,

Tokilupe

Shangazi, nilikuwa nakunja karatasi. Bibi ameamka, ananiita. Hakusema Lesieli. Nimesimama kusikiliza vizuri, na amerudia, kwa ile sauti yake ya zamani ya kunituma. Anasema, Tokilupe, wewe Tokilupe wa mwanangu Sakopo, mwenye pua ya mkate, iache hiyo kalamu yako uniletee bakuli la mama yangu, na maji, na uchume uhi ule wa karibu na—